Dirisha Limefungwa, Baridi Yatoka Wapi?

Mwenzetu mmoja aliyemaliza masomo katika shule hii, na ambaye sasa anafanya kazi Winnipeg, nchi ya Kanada, ametuletea barua yenye swali. Mhariri ameniomba nilijibu kwa kuwa niko katika darasa la sayansi. Na kwa kuwa wenzetu wengi wa zamani wanakaa katika nchi za baridi, na baadhi yetu huenda tukawafuata, nimeona afadhali jibu lisomwe na wote.

Habari yenyewe ni hii. Nyumba aliyopanga ni mpya na imejengwa vizuri. Kuta zake ni nene, na ndani zimeshindiliwa sufu ya kioo ili joto lisitoroke. Chini ya nyumba liko tanuri la gesi, nalo hupuliza hewa ya moto vyumbani mchana na usiku. Kipima joto cha ukutani huonyesha digrii 20. Mama yake mzazi, aliyekwenda kumsaidia kulea mtoto, hupenda kuketi karibu na dirisha kubwa la sebuleni, maana ndipo aonapo watu wakipita. Naye kila siku hulalamika kwamba dirisha lile lavuja baridi, na bega la upande ule lamuuma. Mwenzetu ameziba kila ufa kwa gundi na utepe. Ameongeza moto mpaka digrii 24, na ankara ya gesi imepanda, lakini baridi iko pale pale. Sasa nyumbani pana maneno. Mama asema hasikilizwi. Mwana asema kipima joto hakisemi uongo. Na kitanda cha mtoto nacho kimewekwa chini ya dirisha la chumba kingine. Swali lake ni hili: nani mwenye haki?

Nasema mara moja kwamba mama ana haki, na kipima joto kina haki vilevile. Hawapimi kitu kimoja.

Kipima joto cha ukutani chapima hewa iliyokizunguka. Mwili wa mtu haupimi hewa peke yake. Mwili wapima jinsi joto lake linavyoupotea. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto kama la taa ya umeme ya wati 100. Joto hilo lazima litoke, maana lisipotoka tutaugua. Likitoka polepole twajisikia vizuri, na likitoka kwa haraka twasema pana baridi. Sehemu moja ya joto hilo huchukuliwa na hewa inayotugusa. Lakini sehemu nyingine, ambayo ndani ya nyumba isiyo na upepo yapata kuwa sawa na ile ya kwanza au kuizidi, hutoka mwilini kwa mnururisho, yaani huenda moja kwa moja mpaka kwenye vitu vinavyotukabili bila kuhitaji hewa iichukue. Kila aliyeota moto jioni anaujua mnururisho. Uso wawaka na mgongo wapata baridi, hali hewa ya mbele na ya nyuma yako karibu ni ile ile.

Watu wengi hukubali upesi kwamba moto hutuma joto kutoka mbali. Ugumu huja tukiuliza kama barafu nayo hutuma baridi. Swali hili liliwasumbua wataalamu wa Geneva, nchi ya Uswisi, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Marc-Auguste Pictet alichukua sahani mbili za madini zilizobonyea na kung'arishwa sana, akazisimamisha zikielekeana kwa mbali. Mbele ya moja akaweka kipima joto, na mbele ya nyingine akaweka chupa yenye theluji. Kipima joto kikashuka pale pale, ingawa theluji ilikuwa mbali nacho! Ilionekana kana kwamba baridi imeruka kutoka sahani hii, ikadunda kwenye ile, na kukipiga kipima joto.

Mwenzake, Pierre Prévost, alitoa maelezo mwaka 1791, nayo ndiyo tunayofundishwa mpaka leo. Alisema kwamba hakuna kitu kiitwacho baridi kinachosafiri. Kila kitu duniani, hata theluji, hutoa joto kwa mnururisho wakati wote, na hupokea joto kutoka kwa vitu vinavyokikabili. Chenye joto jingi hutoa zaidi, chenye baridi hutoa kidogo. Kipima joto cha Pictet kilikuwa kikitoa kama kawaida yake, lakini kutoka kwenye theluji kilirudishiwa kidogo. Ndiyo sababu kikashuka. Ni kama jirani wa huku kwetu Kigezi. Ukimpelekea vikapu vitano vya viazi wakati wa mavuno, naye wakati wake akakurudishia vitatu, ghala yako itapungua ingawa hakukuibia hata kiazi kimoja.

Twaweza kulipima jambo hili kwa hesabu, kwa kuwa mwaka 1879 Josef Stefan wa Vienna aliona kanuni ya kiasi cha joto kinachotolewa, na mwaka 1884 Ludwig Boltzmann akaithibitisha kwa hoja. Nimepiga hesabu ya mama wa mwenzetu. Tuseme uso wa nguo zake una digrii 28. Kila meta moja ya mraba ya uso huo hutoa karibu wati 465. Ukuta wa ndani wenye digrii 19 humrudishia karibu wati 412, kwa hiyo hasara ni 53. Kioo cha dirisha chenye digrii 5 humrudishia karibu 339 tu, na hasara ni 126. Basi bega linalokabili dirisha hupoteza kwa njia hii zaidi ya mara mbili ya lile linalokabili ukuta. Hapa hakuna upepo wala ufa. Utepe wote wa Kanada hauwezi kuziba kitu kama hiki.

Labda mtauliza: je, digrii 5 za kioo nimezipata wapi, na chumba kina 20? Kioo kimesimama mpakani. Upande mmoja chashikwa na hewa ya chumba, upande wa pili na hewa ya nje, na huko Winnipeg mwezi wa Januari digrii 20 chini ya sifuri si ajabu. Mimi katika miaka yangu 19 sijapata kuishika theluji, na hapa kwetu, pamoja na ukungu wetu wote, usiku wa kawaida hushuka mpaka karibu digrii 10. Lakini hesabu haijali kama umeishika. Dirisha la kioo kimoja tu, katika baridi kama hiyo, lingekuwa na digrii 10 chini ya sifuri upande wa ndani, na barafu ingeota juu yake. Dirisha la vioo viwili vyenye hewa katikati, bila ufundi mwingine, hupata kama digrii 5. Ukuta ulioshindiliwa vizuri hupata 19. Tazameni tofauti hiyo! Ndani ya chumba kimoja, vitu viwili vilivyo bega kwa bega vyatofautiana kwa digrii 14.

Kumbukeni pia kwamba joto la mwili halipenyi kioo kama mwanga upenyavyo. Jua laingia na macho yaona nje, lakini mnururisho wa vitu vya uvuguvugu kama mwili wetu huzuiwa na kioo na kumezwa nacho. Kwa hiyo mama yule hatoi joto lake kwa theluji ya barabarani. Hulitoa kwa kioo, nacho hulipitisha nje.

Na hapo ndipo tuonapo kwa nini malalamiko haya husikika sana katika nyumba nzuri. Katika nyumba ya zamani kuta zote zilikuwa baridi, sakafu baridi, na upepo ukipita chini ya mlango. Nani angelilaumu dirisha? Lakini ukishazivika kuta blanketi nene, dirisha hubaki peke yake kama mtu aliyesahau koti. Chukua ukuta mmoja wa sebule wenye meta 10 za mraba, na katika hizo dirisha ni meta 2. Katika baridi niliyotaja, sehemu ya ukuta, meta 8 nzima, hupitisha kama wati 64. Dirisha dogo lile hupitisha kama wati 224. Ni joto la watu wawili walioketi na zaidi, likienda zake kutwa kucha. Tena nyumba ikihifadhi joto vizuri, tanuri halipulizi mara nyingi, hewa hutulia, na kila mtikisiko mdogo wa hewa baridi husikika miguuni.

Maana iko hewa baridi kweli, nayo ni sehemu ya pili ya jibu. Hewa ya chumba ikigusa kioo hupoa, na hewa iliyopoa ni nzito kidogo. Meta moja ya ujazo yenye digrii 20 ina uzito wa kilo 1.20 hivi, ikiwa na digrii 10 ina 1.25. Uzito huo mdogo watosha. Hewa huteremka juu ya kioo kama maji yatelemkavyo mlimani, hufika sakafuni, kisha hutambaa kuelekea katikati ya chumba, na mahali pake hushuka nyingine. Penye dirisha la urefu wa meta 2 mwendo wake waweza kufika robo meta kwa sekunde, nao watosha kuusikia kwenye vifundo vya miguu. Mtu atasema upepo umeingia kutoka nje, na atatafuta ufa. Kumbe ni hewa ile ile ya ndani inayozunguka.

Sasa yaonekana kwa nini kuongeza moto hakukumsaidia sana. Hewa ilipopanda kutoka digrii 20 mpaka 24, kioo kilipanda kutoka 5 mpaka 8 tu. Tofauti kati ya chumba na dirisha ikakua, kutoka 15 mpaka 16, na mteremko wa hewa ukaongezeka nguvu. Mama akapata joto upande wa chumba na baridi upande wa dirisha, jambo ambalo mwili haulipendi. Povl Ole Fanger wa Denmark, ambaye mwaka 1970 alichapisha kitabu mashuhuri juu ya raha ya mwili ndani ya nyumba, alilifanya jambo hili kuwa elimu kamili. Yeye na wenzake waliwaweka watu katika vyumba vya majaribio na kuwauliza wanavyojisikia. Lilionekana jambo moja ambalo nadhani litawafurahisha wanaokaa katika darasa letu la mwisho: watu huvumilia ukuta baridi ubavuni kuliko dari yenye moto juu ya vichwa vyao. Anayebisha na aje asome humo saa nane mchana, chini ya mabati yasiyo na dari.

Mabati hayo hayo usiku hufanya kazi ya dirisha la Winnipeg. Mbingu zikiwa safi, bati hutoa joto lake juu angani na kurudishiwa kidogo sana, hata likawa baridi kuliko hewa. Daktari William Charles Wells alieleza mwaka 1814, katika kitabu chake juu ya umande, kwamba ndivyo majani yapatavyo umande. Nasi wa bweni la juu twajua matone yanayodondoka alfajiri kutoka kwenye bati lisilovuja hata kidogo.

Mimi na wenzangu watatu tulitaka kulijaribu jambo hili kwa mikono yetu. Tulichukua sufuria mbili za ukubwa mmoja, moja mpya inayong'aa, nyingine imepakwa masizi nje. Zote tukazijaza maji na vipande vya barafu. Mmoja akafumba macho, tukamsogezea sufuria karibu na shavu bila kumgusa, mara hii, mara ile. Wote wanne tulitambua ile ya masizi kuwa ndiyo yenye baridi, ingawa maji yalikuwa ya namna moja. Mtakaojaribu, ipanguseni mara kwa mara ile inayong'aa, maana umande ukitanda juu yake itafanana na nyeusi. Sababu ni kwamba kitu cheusi cha masizi hupokea joto la shavu na kulimeza. Madini yanayong'aa humrudishia mtu joto lake mwenyewe. Ndiyo sababu chupa ya chai, iliyobuniwa na James Dewar mwaka 1892, imepakwa rangi ya fedha ndani.

Mafundi wa madirisha wameiiga chupa ya chai. Juu ya kioo kimoja, upande unaotazama nafasi ya katikati, hupaka tabaka la fedha jembamba mno, hata jicho laona nje kama kawaida, lakini mnururisho wa joto warudishwa chumbani. Katikati ya vioo huweka gesi ya agoni badala ya hewa, kwa kuwa hupitisha joto kidogo zaidi. Dirisha la vioo viwili vya namna hiyo, katika baridi ile ile, lapata kama digrii 14 upande wa ndani. La vioo vitatu lapata kama 16. Katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, zilijengwa mwaka 1991 nyumba nne zilizoungana, zenye madirisha ya vioo vitatu na kuta nene sana, na tangu hapo wajenzi wengi wamezifuata. Katika nyumba za namna hiyo hakuna haja ya kuweka chombo cha moto chini ya dirisha. Katika nyumba nyingine kipo, na si kwa bahati. Hewa ya moto inayopanda hukutana na hewa baridi inayoshuka na kuizuia isifike miguuni.

Kabla ya kugombana na mwenye nyumba, mwenzetu afanye majaribio mawili. Kwanza achukue ubani au kijiti chenye moshi mwembamba, akipitishe taratibu kandokando ya fremu. Moshi ukisukumwa kwa ubavu kuelekea ndani, ufa upo, na autafute. Ukiteremka tu kando ya kioo, hakuna ufa. Pili, aketi pale aketipo mama, asogeze shavu karibu na kioo, kisha aweke gazeti katikati bila kugusa. Shavu likipata nafuu mara moja, basi ni mnururisho.

Kisha kitanda cha mtoto kiondolewe leo hii chini ya dirisha, kipelekwe penye ukuta wa ndani. Hewa inayoshuka yamwangukia mtoto moja kwa moja, na yeye hana la kusema ila kulia. Kisiwekwe karibu na tundu la hewa ya moto wala penye kamba za pazia. Kiti cha mama nacho kisogezwe nyuma. Akiketi karibu kabisa, dirisha huchukua kama robo ya yote yanayomzunguka, na kwa hesabu yangu mwili wake husikia kama digrii 18 ingawa hewa ni 20. Akirudi nyuma meta 2, tofauti yapungua hata kuwa chini ya digrii moja, na barabara bado aiona.

Usiku mapazia mazito yafungwe, lakini yasilifunike tundu la hewa ya moto lililo sakafuni, maana joto lote litapanda nyuma ya pazia na kwenda nje. Na asubuhi yafunguliwe: nyuma ya pazia kioo huwa baridi zaidi, na pumzi za watu hugeuka maji juu yake. Katika chumba cha digrii 20 chenye unyevu wa nusu, maji huanza kutanda penye kitu chochote kilicho chini ya digrii 9 hivi. Fremu ya mbao ikiloa kila siku itaoza. Madukani huko huuzwa pia karatasi nyembamba za plastiki za kubandika juu ya fremu kwa majira ya baridi. Humpa mtu tabaka jingine la hewa kwa fedha kidogo, na mpangaji aweza kuziondoa bila kuharibu kitu.

Mwenzetu aliuliza mwishoni mwa barua jinsi ya kujua kama madirisha yake yana lile tabaka la fedha, kwa kuwa mwenye nyumba asema yanalo. Ajaribu usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Awashe kiberiti mbele ya kioo, mbali na pazia, atazame picha za mwali wa moto ndani ya dirisha. Dirisha la vioo viwili lina nyuso nne, kwa hiyo ataona miali minne. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake, tabaka lipo. Yote minne ikiwa ya rangi moja, tabaka halipo, na hilo aweza kumwonyesha mwenye nyumba wakisimama pamoja mbele ya kioo.